Ufundi wa Kuchagua Shokapu

Kuna kazi ya gereji isiyopata sifa inayoistahili, kwa sababu haionekani kwa macho. Kufungua nati iliyoshikwa na kutu kunaonekana. Kuchomelea chasisi kunaonekana hata kwa mpita njia. Lakini kuchagua shokapu mpya za pikapu inayovuta tela ni kazi ya akili na maswali, na fundi anayeifanya vizuri huwa ameimaliza nusu kabla hajashika spana. Fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Kwanza, anajua shokapu ni ya nini. Wateja wengi humletea pikapu iliyochuchumaa nyuma, tela limefungwa, nao wanadai shokapu ngumu ili gari linyanyuke. Fundi mjuzi huwarudisha kwenye msingi: shokapu haibebi mzigo. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na katika pikapu Mnyamwezi ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi hiyo. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka katika mafuta. Mafuta hulazimika kupenya kwenye vali nyembamba, na nguvu ya mdundo hugeuka joto linalopotelea hewani. Bila shokapu, gari lingepita tuta moja likaendelea kudunda njiani. Kwa hiyo gari likichuchumaa, fundi huanza kutazama springi na jinsi tela lilivyopakiwa, hata kama mteja ameshatoa pesa za shokapu mfukoni.

Tela lina hesabu yake. Tela la kilo 1,500 lililopakiwa vizuri hulalia kiungo chake kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, yaani kilo 150 mpaka 225. Uzito huo uko nyuma ya ekseli ya nyuma, hivyo unapokandamiza mkia wa gari, unaupunguzia uzito upande wa mbele. Usiku taa humulika juu badala ya kumulika barabara. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinazotegemewa zaidi wakati wa kufunga breki, hushika lami kwa nguvu pungufu. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga akitoka Iringa na tela la mahindi anazijua dalili hizi mwilini mwake, hata kama hajawahi kuelezwa chanzo chake. Na shokapu zikiwa zimekwisha, kila wimbi la barabara linalopita nyuma ya gari huhamia kwenye tela, kisha tela hulirudisha kwenye gari.

Ndiyo maana fundi wangu huuliza sana. Tela lina uzito gani, na linavutwa kila siku au msimu wa mavuno tu? Springi zimewahi kuongezwa? Njia ni ya lami au ya changarawe? Mteja mwenye haraka huona maswali haya ni maneno mengi, kumbe kila jibu linaondoa shokapu zisizofaa kwenye rafu ya duka.

Springi zikiwa zimeongezwa, zikikandamizwa hurudi juu kwa nguvu zaidi. Shokapu ya kiwandani ilipimwa kwa springi za kiwandani, kwa hiyo inahitajika nyingine yenye uwezo mkubwa wa kuzuia mrudio huo. Lakini pikapu inayovuta tela mara chache, na siku nyingine zote inatembea tupu, haifai kupewa shokapu ngumu kuliko zote. Nyuma ikiwa nyepesi na shokapu ni ngumu, tairi huruka juu ya mashimo badala ya kuyafuata, na tairi iliyo hewani haina breki.

Swali la njia ndilo lenye elimu pana zaidi. Barabara ya changarawe yenye mawimbi huifanya shokapu ipande na kushuka bila kupumzika. Mafuta hupata joto, huwa mepesi, mwishowe hutoa povu, na povu haliwezi kuizuia pistoni. Gesi ya nitrojeni hutiwa ndani ili kulidhibiti povu hilo. Katika shokapu ya bomba moja, aina iliyobuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kutengenezwa kwa wingi na Bilstein ya Ujerumani tangu miaka ya 1950, gesi hutenganishwa kabisa na mafuta, na joto hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa bomba. Hiyo ni faida kubwa kwa anayevuta mzigo mwendo mrefu. Hata hivyo, jiwe likilibonyeza bomba hilo, pistoni inaweza kukwama, ilhali shokapu ya mabomba mawili ina ukuta wa nje wa kuikinga. Fundi huzipima faida na hasara hizi kwa barabara ya mteja wake.

Kisha hutoa futi kamba. Hilux ipo tangu 1968 na imepita vizazi vingi, kwa hiyo kuomba dukani "shokapu ya Hilux" hakutoshi. Fundi hupima urefu wa shokapu ikiwa imebanwa na ikiwa imenyooshwa. Ikiwa ndefu mno, itagota ndani kwa ndani kabla ekseli haijafika kwenye mpira wa kuizuia. Ikiwa fupi mno, itaning'iniza ekseli nzima shimoni na kung'oa vishikio vyake. Hununua jozi, kwa sababu shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari lijibu barabara kwa sauti mbili. Kabla ya kuzifunga, huzisimamisha na kuzipampu mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mafuta. Na bolti za bushi hazikazi gari likiwa juu ya jeki. Hungoja lisimame kwa tairi zake, ili mpira usianze kazi ukiwa umepindwa.

Tuna desturi ya kulipia mkono wa fundi na kuichukua akili yake bure. Tunapatana bei ya kufunga, halafu tunakimbilia spea kwa anayeuza rahisi. Ndugu mwenye pikapu, badili desturi hiyo. Peleka gari gereji likiwa na tela lake na mzigo wake wa kawaida, jibu maswali yote kwa ukweli, na umlipe fundi kwa muda wa kuchagua kama unavyomlipa kwa muda wa kufunga. Kufunga kunaweza kurudiwa kesho. Shokapu iliyochaguliwa vibaya hairekebishwi kwa kuikaza zaidi.