Kulisoma Yai Kabla ya Kulivunja

Saa mbili usiku, Ihumwa. Malori ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam bado yananguruma barabarani, lakini uani kwa shangazi yangu kuku wameshalala. Hapo ndipo kazi yake inapoanza. Anaketi kwenye kigoda, kapu la mayai mbele yake, kipande cha mkaa pajani. Anawasha tochi ya simu na kuifumba kwa ngumi hadi mwanga ubaki tundu dogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Juu ya tundu hilo analikalisha yai, upande mnene chini. Yai linawaka jekundu kama kaa la moto. Analizungusha taratibu, anasita, anarudi nyuma kidogo, anazungusha tena.

"Hili lina pete, mwanangu."

Nainama. Kweli, ndani kuna duara jembamba la damu. Kuku wake wanaishi na jogoo, kwa hiyo mayai mengi yana mbegu. Joto la Oktoba hapa Dodoma linatosha kuiamsha mbegu hata kabla mtetea hajalalia. Kifaranga huanza kujengeka, kisha hufa, na damu yake hujikusanya pembezoni kama pete. Yai zima la siku saba huonyesha picha nyingine: doa jeusi, na mishipa imetanda kulizunguka kama miguu ya buibui. Lenye pete analiweka kando. Mbele yake yapo mabakuli matatu: ya kulaliwa, ya kuuza, na ya kutupa.

Nimekaa naye jioni nyingi, na kila mara nastaajabia kwamba hakuna anachokiona akakiita cha ajabu. Kwake yai ni habari ya siku moja ya kuku. Kulitengeneza huchukua muda wa saa 24 hadi 26. Kiini hukatika kutoka kwenye shada la viini, kikateremka kwenye mrija. Huko huvikwa ute, kisha utando, na mwisho ganda, ambalo peke yake hula karibu saa 20. Kila kioja kina mahali pake katika safari hiyo, na shangazi anajua ni wapi.

Doa la damu juu ya kiini? Mshipa mdogo ulipasuka kiini kilipoachia. Yai hilo linalika bila shaka yoyote. Viini viwili? Vilishuka kwa kufuatana, jambo la kawaida kwa kuku wachanga wanaoanza kutaga. Kiyai kisicho na kiini, kidogo kama gololi kubwa? Kipande cha nyama kilipita kwenye mrija, nao ukakifunga ukidhani ni kiini. Zile kamba nyeupe ambazo wengi huzitoa kwa uma wakidhani ni mwanzo wa kifaranga ndizo zinazokishika kiini kikae katikati. Zikionekana nene, yai ni jipya na zuri.

Hata rangi ya kiini anaisoma. Kiangazi, kuku wakila mtama na uwele, kiini hupauka. Mvua za Desemba zikishaotesha majani, kiini hukolea hadi kukaribia rangi ya chungwa.

Siku moja jirani alibisha hodi na bakuli mkononi. "Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, lakini uso ulikuwa na hofu. Alikuwa amevunja yai kubwa kupita kiasi, na ndani yake akakuta yai jingine, lina ganda lake kamili. Mtu alikuwa ameshamwambia kwamba amerogwa. Shangazi akalitoa lile la ndani, akalipangusa ute, akalizungusha kati ya vidole vyake vitatu. Akaeleza kwa sauti ya chini: mara chache sana, yai lililokamilika hurudishwa juu badala ya kusukumwa nje. Huko hukutana na kiini kinachoshuka, na vyote viwili hufungwa ganda jipya. Jirani aliondoka na yai lake, mabega yameshuka.

Lakini kutokuogopa si kupuuza. Akikuta mnyoo ndani ya yai, hutupa yai na kuwapa kuku wote dawa. Yai lenye utando mtupu bila ganda humwambia kwamba chokaa mwilini imepungua, au kwamba joto limemchosha kuku. Basi hukausha maganda, huyatwanga yakawa unga, asije kuku akayatambua na kujifunza kula mayai yake mwenyewe, kisha huyachanganya na pumba. Na kuku kadhaa wakitaga maganda laini au yaliyopinda kwa siku zilezile, hulala akifikiria ugonjwa wa mdondo. Ndiyo maana hakosi kuwachanja kila miezi mitatu, tone moja jichoni, kwa chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa nchini na huvumilia joto kuliko nyingine nyingi.

Usiku huo lilibaki yai moja. Lilikuwa na siku tano chini ya mtetea, na ganda lake, la rangi ya udongo, lilizuia mwanga. Mimi niliona giza tu. Yeye alilitazama kwa muda mrefu, akalichora msalaba mdogo wa mkaa, akalirudisha kiotani. Nikamuuliza kwa nini asilivunje tujue.

"Nikilivunja nitajua," akasema, "ila halitakuwa yai tena."

Siku tatu baadaye alilimulika mbele yangu. Mishipa ilikuwa imetanda. Akaufuta ule msalaba kwa kidole gumba, akalirudisha chini ya mtetea, mkono ukisogea polepole ili asimshtue.