Mifupa Mikavu na Gitaa la Mark Heard

Liko swali ambalo kila anayeongoza kwaya hukutana nalo: je, wimbo wa Mkristo waweza kumalizika bila mwimbaji kusema kwamba yote ni heri? Tumezoea ubeti wa kwanza uwe wa shida, wa pili wa maombi, na wa mwisho wa ushindi. Asiyefika kwenye ushindi tunashuku kwamba imani yake ni haba. Kwa ajili ya swali hilo, wapendwa, napenda tumtazame mwanamuziki ambaye wanaomjua ni wachache, lakini hao wachache humpenda mno.

Mark Heard alizaliwa mwaka 1951 mjini Macon, katika jimbo la Georgia, Marekani. Akiwa kijana alikwenda Uswisi kujifunza kwa Francis Schaeffer katika jumuiya ya L'Abri, mahali ambapo maswali magumu hayakuhesabiwa kuwa dhambi. Baadaye alikaa upande wa Los Angeles, akipiga gitaa, akitunga, na kurekodi hata kazi za wengine. Umaarufu haukumjia. Waliouza muziki wa Kikristo waliona nyimbo zake zina maswali mengi mno. Waliouza muziki wa dunia waliona zina Mungu mno.

Kazi zake bora ni santuri tatu za mwisho: Dry Bones Dance ya 1990, Second Hand ya 1991 na Satellite Sky ya 1992. Ni muziki wa roki uliorudi kwenye mizizi yake, kwenye nyimbo za vijijini za Marekani. Katika ile ya mwisho anaipiga mandolini ya umeme kwa nguvu, kama mtu agongaye mlango uliofungwa. Jina la ile ya kwanza latoka kwa nabii Ezekieli, sura ya 37. Lakini Heard haharakii kutuonyesha jeshi lililosimama. Anatuweka kwanza bondeni, tuione mifupa ilivyo mikavu.

Hapo ndipo ninapoona thamani yake. Zaburi ya 88 huishia gizani, nayo imo katika Biblia ile ile tunayoibeba Jumapili. Aliyeipanga hakuona haja ya kuiongezea ubeti wa ushindi. Heard aliimba kutoka mahali hapo: uchovu wa kazi, mashaka ya usiku, watu wa nyumba moja wasio na muda wa kuzungumza. Hata hivyo, anapolalamika, hulalamika akimwelekea Mungu. Asiyeamini hana wa kumlalamikia.

Sisemi kwamba hana kasoro. Mara nyingine anarundika mafumbo hata msikilizaji anachoka kabla ya kiitikio, na sauti yake yenye mikwaruzo haitawafaa wapendao uimbaji laini. Nyimbo zake nyingi si za kuimbwa na kusanyiko. Lakini Treasure of the Broken Land, wimbo wa mwisho katika santuri yake ya mwisho, ni jambo jingine. Ni wimbo wa mtu aliyesimama kaburini akimngoja mpendwa wake afufuliwe. Tumaini lake halikununuliwa kwa bei rahisi, na kwa hiyo tunaliamini.

Tarehe 4 Julai 1992, akiwa jukwaani kwenye tamasha la Cornerstone huko Illinois, alishikwa na ugonjwa wa moyo. Alimaliza kuimba, ndipo akapelekwa hospitali. Alifariki tarehe 16 Agosti, akiwa na umri wa miaka 40, akaacha mke na binti. Baada ya hapo wanamuziki wenzake walikusanyika kuzirekodi nyimbo zake upya, na mwaka 2004 Buddy Miller aliurekodi Worry Too Much, ukasikika mbali kuliko alivyousikika yeye mwenyewe.

Turudi kwenye kwaya zetu. Katika kila ibada yupo mama aliyefiwa, yupo kijana aliyeomba kazi mwaka mzima bila jibu. Tukiwapa nyimbo za ushindi peke yake, tunawafundisha kunyamaza mbele za Mungu. Tuwaachie nafasi ya kulia kwa sauti. Bwana aliyemuuliza Ezekieli kuhusu ile mifupa hakuogopa kuitazama.