Noeli Iliyotangulia Safari: Sherehe na Familia katika Shairi la Aimé Césaire

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Bujumbura, na ambao shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa, tumezoea kukutana na Aimé Césaire kwa njia moja. Tunaambiwa kwamba yeye ni mmoja wa waasisi wa Negritudi pamoja na Senghor na Damas, na kwamba shairi lake refu, Cahier d'un retour au pays natal, ni kilio cha mtu mweusi dhidi ya ukoloni. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaliacha kando jambo linalotajwa na kichwa cha shairi chenyewe, yaani kurudi nyumbani. Katika makala haya nataka kuanzia katika sehemu ambayo darasani huwa tunaipita haraka: sehemu ya Noeli. Hoja yangu ni kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoonyesha kile ambacho anayerudi hawezi kukipata tena.

Césaire alizaliwa Martinique mwaka 1913, akaenda Paris kusoma mwaka 1931. Shairi alianza kuliandika akiwa Ulaya, likachapishwa kwa mara ya kwanza katika jarida la Volontés mwaka 1939, mwaka uleule aliorudi kisiwani kufundisha. Baadaye alilipanua, na hapa nafuata mpangilio wa toleo la mwaka 1956. Ni vizuri kukumbuka kwamba kurudi kunakosimuliwa humo kulianza kuandikwa mbali na nyumbani.

Noeli ya Césaire haianzi ghafla. Kwanza miezi inapita: maembe ya Agosti, vimbunga vya Septemba, moto katika mashamba ya miwa mwezi Oktoba, kisha viwanda vya ramu mwezi Novemba. Kalenda hiyo si ya kanisa, wala si ya familia peke yake. Miwa na ramu ni kazi ya shamba kubwa la mkoloni, ambalo liliendelea kutawala maisha ya kisiwa hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1848. Kwa hiyo hata furaha inafika kwa kufuata ratiba ya mwenye shamba. Ndipo zinakuja pilikapilika za kufagia na kupika, hofu kwamba kitu kitapungua, kanisa dogo linalojaa watu, kisha nyumba yenye soseji za damu zilizokolezwa pilipili, kahawa ya moto, ramu na nyimbo.

Katika sehemu hiyo mshairi hadhihaki. Huku ndiko kuzuri kuliko kote katika kurasa za mwanzo: watu wanacheka, wanakula, wanaimba mpaka sauti zao zinakuwa kama mwili mmoja. Lakini wimbo unapofika kileleni, furaha inapasuka kama wingu, na hofu inaingia. Mara baada ya hapo inarudi ile takriri ya alfajiri inayofungua beti nyingi za shairi, na pamoja nayo mji uleule ulionyamaza. Hapa umbo na maana vinashikamana. Sherehe ni ya usiku, takriri ni ya asubuhi, na kila asubuhi inaukuta umaskini pale ulipoachwa jana.

Baada ya mji tunaingia ndani ya nyumba ya familia: kijumba chenye harufu mbaya katika njia nyembamba, ndugu sita, baba asiyetabirika, kitanda cha bibi kilichosimama juu ya masanduku ya mafuta ya taa, na mama anayekanyaga cherehani ya Singer usiku na mchana ili watoto wapate kula. Naona mpangilio huu si wa bahati. Ukishamsoma mama huyo huwezi tena kuisoma Noeli kama ulivyoisoma mwanzo. Unajiuliza nguo za sikukuu zilishonwa na nani, na soseji zile zililipiwa kwa usiku mingapi ya cherehani.

Jambo la pili ni mahali Noeli ilipowekwa. Inakuja kabla ya nafsineni kutamka nia yake ya kuondoka. Njeo nayo inathibitisha hilo. Mji unaelezwa mara nyingi kwa sentensi zisizo na kitenzi kikuu, kana kwamba wakati umesimama, ilhali Noeli inaanza kusimuliwa kwa njeo ambayo kwa Kiswahili ningeitafsiri kwa «ilikuwa iki-»: ilikuwa ikianza. Sherehe ni ya mtoto ambaye hajaondoka bado. Baadaye, nafsineni anapojiona akirudi, amebeba ahadi kubwa ya kuwasemea wanyonge, lakini hakuna meza iliyoandaliwa wala wimbo wa kumpokea. Anakuta maisha yaleyale yanayochechemea, na maneno yake makubwa yanapungua uzito.

Hata hivyo nina lawama moja. Familia hii inaonekana, inasikika ikikanyaga cherehani na kuimba, lakini haizungumzi. Kule Martinique, mikusanyiko ya nyimbo za Noeli huchanganya tenzi za zamani za Kifaransa na vibwagizo vya Kikrioli, na Kikrioli ndiyo lugha ambayo familia kama hii ingetumia jikoni. Mwaka 1989 Bernabé, Chamoiseau na Confiant, katika Éloge de la créolité, walidai nafasi ya lugha hiyo katika fasihi ya visiwa vyao, na Confiant baadaye alimlaumu Césaire waziwazi kwa kuipuuza. Watetezi wa Césaire watasema kwamba aliigeuza lugha ya mtawala kuwa silaha, nami nakubali. Lakini silaha hiyo inafaa mbele ya mtawala. Mbele ya mama, mtu huhitaji lugha ambayo mama anaweza kumjibu kwayo.

Mwisho, fikiria kichwa cha shairi. «Pays natal» ni nchi ambayo mtu mmoja alizaliwa. Ningelazimika kukitafsiri, ningeandika «Daftari la Kurudi Kwetu», kwa sababu neno «kwetu» halimruhusu anayerudi kuwa peke yake: ndani yake wamo mama, bibi na wale ndugu sita. Najua tafsiri hiyo inampa mshairi kitu ambacho mwanzoni mwa shairi hana bado, maana anakipata polepole anapohama kutoka «mimi» kwenda «sisi». Hata hivyo naichagua, kwa kuwa inalitoza shairi deni lake: wale wanaokaa ndani ya «kwetu» bado wanasubiri zamu yao ya kusema.