Kufoka, Kukemea na Kinyume Chake: Hukumu Iliyomo Katika Kitenzi

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza usemi wa sauti kubwa wenye hamaki: kufoka, kukemea, kukaripia, kubwata, kupayuka, na mengine. Mwanafunzi akitakiwa kutaja visawe vya kufoka huyapanga yote katika mstari mmoja, hupewa alama zake, na shauri likaisha. Akitakiwa kutaja kinyume chake huandika kunong'ona au kunyamaza. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba majibu hayo mawili yana upungufu mmoja, nao ni kulipima neno kwa sauti peke yake. Kila kitenzi katika hivi kimebeba hukumu juu ya msemaji, na mwandishi achaguaye kimoja amekwisha kumhukumu mtu kabla hajatueleza alilolisema.

Hatusemi haya kwa kudharau kazi ya waandishi wa kamusi. Kuanzia kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1935, hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1981, na Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed ya mwaka 1998, tumewekewa hazina kubwa. Lakini orodha ya visawe ni kama meza ya nguo sokoni: yatuonyesha zilizopo, wala haitwambii ipi itamkaa nani. Kazi ya kupima ni ya mnunuzi.

Tuanze na kufoka. Neno hili husemwa pia juu ya kitu kitokacho kwa nguvu, kama maji yaliyozuiliwa yapatapo upenyo. Mwenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, aliyekwisha kuona ukingo wa mfongo ukibomoka na maji ya migomba yakimwagika njiani, hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Maji yafokapo hayachagui pa kwenda. Basi tusemapo kwamba mzee amefoka, twasema kuwa hasira imemshinda. Huenda ana haki na huenda hana, kitenzi hakikutuambia.

Kukemea ni jambo jingine, na sarufi yenyewe yatoa ushahidi. Twasema, "Amekemea uzembe," na maneno hayo yametimia. Hatuwezi kusema, "Amefoka uzembe." Hatuna budi kusema, "Amewafokea wazembe," na hapo msomaji atambue lililotokea: kosa limeondoka katika sentensi, wamebaki watu. Akemeaye amelikabili kosa na amejisimamisha upande wa haki. Afokaye ametuonyesha kifua chake tu. Tena mama aweza kumkemea mtoto ibadani kwa sauti ya chini, wala hakuna atakayeona ajabu. Lakini mtu akiandika, "Alifoka kwa sauti ya chini," msomaji atadhani amekosea.

Kukaripia hutazama daraja. Mkubwa humkaripia mdogo, mwalimu humkaripia mwanafunzi. Mjukuu hamkaripii babu yake. Akithubutu, watu watasema amemvunjia heshima. Kubwata na kupayuka huyahukumu maneno yenyewe: abwataye ana kelele nyingi, apayukaye amesema yasiyopimwa. Ukishaandika kwamba fulani amepayuka, huna haja tena ya kujibu hoja yake, kwa maana umekwisha kuitupa.

Huenda msomaji akasema kwamba, pamoja na tofauti hizo, sauti kubwa ndiyo inayoyaunganisha maneno haya. Na aende Kiboriloni, njiani kutoka Moshi kwenda Himo, awasikilize wachuuzi wakiita wateja. Sauti ipo, hisia ipo, masihara na kubembeleza vipo, lakini hakuna atakayesema kwamba wanafoka. Wananadi. Mtu akipatwa na msiba naye hupaza sauti kuliko mchuuzi, na hapo twasema amepiga yowe. Kwa hiyo sauti kubwa ni mlango ambao maneno mengi hupitia, kila moja likienda kwake.

Tukikubali hayo, suala la kinyume nalo labadilika. Kinyume cha kufoka kwa sauti ni kunong'ona. Kwa hasira, ni kusema kwa upole. Kwa picha ile ya kitu kilichoshindwa kuzuiliwa, ni kutulia au kupoa, na ndiyo maana twasema hasira za mtu zimepoa. Kunyamaza si kinyume cha hakika, kwani mtu aweza kununa, na mwenye kununa ana hasira ile ile ya afokaye, ila hakuitoa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kinyume cha kukemea ni kufumbia macho, na kinyume cha kupayuka ni kupima maneno. Neno lenye sura nyingi haliwezi kuwa na kinyume kimoja.

Je, haya ni mambo ya darasani tu? La. Tuseme mjane wa Old Moshi amesimama mbele ya kikao cha ukoo kukidai kihamba alichokilima na marehemu mumewe. Sauti yake imepanda, machozi yanamtoka. Karani aliyepo aweza kuandika, "Alikemea dhuluma." Aweza kuandika, "Alifoka." Aweza kuandika, "Alipayuka." Sauti ilikuwa moja, lakini kwa neno la kwanza ni mdai, kwa la pili ni mwenye hasira, kwa la tatu ni mpuuzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, lakini atakayesoma daftari lile miaka kumi baadaye hatamsikia mjane; atamsikia karani. Nasi tukiyasoma magazeti yetu kwa makini, tutaona mara nyingi kwamba wenye vyeo hukemea, na wasio na vyeo hufoka na kubwata. Ugawaji huo wa vitenzi haukutoka katika kamusi. Umetoka kwetu.

Kwa hiyo yafaa mwalimu wa Kiswahili, baada ya kupokea orodha ya visawe, amwulize mwanafunzi maswali matatu: nani anasema na nani, kwa haki gani, na anataka nini. Asiyeweza kuyajibu amekariri maneno, hajayajua. Na aandikaye habari za mtu mwingine, asipokuwa na hakika na majibu, aandike kwamba mtu yule alisema kwa sauti kubwa, kisha ayaweke maneno yake kama alivyoyatamka, msomaji akahukumu mwenyewe.