Kibarua na Karatasi Yake: Mfanyakazi Asiyekuwemo katika "Kuli"

Sisi wanafunzi wa fasihi tukisikia neno mfanyakazi, mara moja tunawaza mgomo. Nimelipitia upya daftari langu la Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979. Maneno "tabaka", "unyonyaji" na "umoja" yamejaa karibu kila ukurasa. Neno "mkataba" sikuliandika hata mara moja, wala "shahidi", wala "mdai". Makala haya yanahoji ukimya huo. Maoni yangu ni kwamba mfanyakazi wa kiwandani wa leo, yule anayemshtaki mwajiri wake peke yake kwa sababu amefukuzwa bila notisi au hakulipwa saa za ziada, hana mahali pa kukaa katika riwaya tunayoiita riwaya ya wafanyakazi. Hana mahali pia katika namna tulivyozoea kuihakiki.

Kwanza niitendee haki riwaya yenyewe. Rashidi anaingia kazi ya ukuli bandarini Unguja akiwa hana chochote ila mabega yake. Faraji anamfungua macho, na mambo yanasonga hadi kwenye mgomo. Nyuma ya mgomo huo wa kubuni upo mgomo wa kweli, wa Agosti na Septemba 1948, ulioanza kwa makuli wa bandari ya Unguja ukaenea hadi ukawa mgomo mkuu. Mwandishi hakuwa na sababu ya kumpeleka Rashidi mahakamani kudai. Kuli aliajiriwa asubuhi, akalipwa kwa kazi ya siku hiyo, kesho yake akasimama tena langoni kusubiri kuchaguliwa. Mtu kama huyo akiachwa nje hajafukuzwa, kwa sababu hakuna alichokuwa nacho jana. Tena sheria za kikoloni za bwana na mtumishi, kama ile iliyowekwa Kenya mwaka 1906, zilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Mfanyakazi alifika kortini akiwa mshtakiwa. Kwa hiyo dola katika fasihi hii ni askari, pingu na jela. Ndivyo ilivyo pia katika Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981, ambamo Lanina anawaongoza wafanyakazi wa mlowezi Delamon. Haki inaliliwa kwa sauti moja ya wengi, kwa kuwa mtu mmoja hakuwa na mlango wa kubisha.

Lakini lugha yenyewe inakumbuka jambo ambalo riwaya hizi hazikulishika. Neno kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya kutwa aliitwa kwa jina la karatasi aliyopewa kuonyesha siku yake ya kazi. Katika Unguja ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Kwa hiyo karatasi ilikuwa ushahidi wa kazi, lakini haikuwa daima kwa faida ya mwenye kuishika. Halafu kikaja kipande. Kenya ilipitisha sheria ya kipande mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi hiyo shingoni, ndani ya kasha la bati, ikiwa imeandikwa ameajiriwa na nani na kwa mshahara gani. Karatasi ilimjua mfanyakazi kuliko yeye alivyoijua.

Huku kwetu Rwanda mambo yana mzunguko wake. Kibarua kwa Kinyarwanda ni nyakabyizi, kutokana na umubyizi, yaani kazi ya siku moja. Kinyarwanda kimemwita kwa siku yake, Kiswahili kikamwita kwa karatasi yake. Na neno letu akazi, ambalo leo kila kijana wa Kigali analitafuta, lilitoka kwenye Kiswahili kazi na likabeba maana ya kazi ya shuruti wakati wa Wabelgiji. Sioni kama ni udadisi wa bure kuyaeleza haya. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye anayepaswa kuona kwamba tangu zamani ugomvi kati ya mfanyakazi na tajiri ulikuwa pia ugomvi juu ya nani anashika karatasi.

Sasa twende kwenye sheria, maana nayo ni maandishi na inahakikika. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inaruhusu mkataba wa mdomo, ila usizidi siku 90 mfululizo. Mgogoro wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake unaanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi humo humo kazini. Wakishindwa kuupatanisha, unakwenda kwa mkaguzi wa kazi wa eneo. Yeye akishindwa, ndipo mahakama. Anayeonekana kuachishwa kazi isivyo haki analipwa fidia ya mishahara ya miezi isiyopungua 3 wala kuzidi 6, na kama amemtumikia mwajiri yule yule zaidi ya miaka 10, isizidi 9. Mtu wa mshahara wa faranga 60,000 kwa mwezi anapigania basi kitu kati ya faranga 180,000 na 360,000. Kwa kampuni ni pesa ya mafuta ya gari. Kwake ni kodi ya nyumba na ada ya mtoto.

Dada mmoja tunayepanga naye katika ua mmoja alikuwa akishona nguo kiwandani. Asubuhi moja mlinzi alimwambia getini kuwa jina lake halimo tena kwenye orodha. Jioni alinijia na bahasha ya kaki, kwa sababu kwa hesabu zake anayesoma chuo anajua kuandika barua ya aina yoyote. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha kazi chenye picha yake na daftari dogo la shule ambamo aliandika saa za ziada kwa kalamu ya risasi. Kwenye simu alikuwa na jumbe za benki za kila mshahara. Mkataba? "Tulitia saini, wao wakabaki nao." Shahidi? Alicheka. Wote walioketi karibu na cherehani yake walikuwa bado wanafanya kazi pale.

Tuliandika kwa Kinyarwanda, mstari kwa mstari: alianza lini, alilipwa kiasi gani, aliambiwa nini, anadai nini. Tarehe ya kuanza ndiyo iliyotuchelewesha, kwani miezi ya kwanza alilipwa mkononi. Kuli kilikuwa juu ya meza. Akauliza kinahusu nini, nikamwambia ni makuli waliogoma. "Na yule aliyefukuzwa peke yake?" Nikarudi kwenye barua.

Shauri lake liliishia kwa mkaguzi. Mwajiri alikubali kulipa notisi na siku za likizo, akakataa katakata fidia. Dada akatia saini, maana mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi miwili. Sheria inaita hayo mapatano, na kweli ni mapatano. Ila msomaji wa fasihi atauliza swali ambalo fomu haina nafasi yake: wawili hawa walipatana wakiwa na uwezo sawa wa kusubiri? Mmoja angeweza kungoja mwaka mzima. Mwingine alikuwa na wiki mbili.

Kisa kikubwa zaidi kinachoonyesha nguvu ya neno katika kesi za namna hii kimetoka pwani ya Kenya. Wafanyakazi 68 wa kampuni ya chumvi ya Krystalline Salt waliishtaki kampuni wakisema wameachishwa kazi isivyo haki, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi wake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamlinda kibarua: akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi au zaidi, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zake zinapanuka. Je, hawa wa chumvi walikuwa vibarua? Mahakama ilisema hapana. Walikuwa watu wa kazi ya kipande, wanaolipwa kwa kadiri ya walichofanya, na kifungu kile hakiwageuzi wao.

Nimeurudia uamuzi huu mara nyingi kuliko sura yoyote ya Kuli. Yote waliyoyabeba watu hawa juani yalisimama juu ya swali la jina: wewe ni kibarua au ni mtu wa kipande? Maneno mawili ya Kiswahili ambayo watunzi wetu waliyatumia kumwonyesha mtu mnyonge yamekuwa mizani ya kumpimia anachostahili. Mwanasheria ataniambia kwamba mahakama inatafsiri tu kile Bunge lilichoandika, na ni kweli. Lakini ukifika hapo umeshaingia kwenye kazi yetu sisi wa lugha. Nani aliyeamua kwamba anayelipwa kwa siku na anayelipwa kwa gunia ni watu wa aina mbili, ikiwa wote wawili wanarudi kila siku mahali pale pale, chini ya msimamizi yule yule?

Wapo wenzangu wanaoniambia kwamba nawapeleka wafanyakazi kwenye mtego. Kesi ya mtu mmoja, wanasema, inamlipa mmoja na kukiacha kiwanda kama kilivyo. Faraji asingekubali. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Dada wa uani kwetu alipolipwa notisi, hakuna kilichobadilika kwa waliobaki kwenye cherehani, na huenda msimamizi alijifunza tu kuandika vizuri zaidi barua ya kufukuza. Hata hivyo hoja inasahau jambo moja. Kesi ya mtu mmoja haisimami bila wengine. Inahitaji mwakilishi wa wafanyakazi asiyeogopa, na mwenzako wa zamu atakayesema mbele ya mwajiri anayemlipa, "Ndiyo, alikuwepo, nilimwona akibaki hadi saa mbili usiku." Umoja ule ule wa bandarini upo hapa, ila umekuwa mgumu zaidi, maana kwenye mgomo unasimama katikati ya mamia, na kwenye ushahidi unasimama peke yako kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena kazini. Sijui tukio la kusisimua kuliko hilo kwa mwandishi wa riwaya, na sijalikuta katika riwaya za Kiswahili nilizosoma.

Suala la karatasi nalo lina sheria zinazolishughulikia kwa ukali zaidi kuliko fasihi yetu. Sheria hiyo hiyo ya Kenya ya 2007 inasema kwamba mwajiri akishindwa kuuleta mkataba wa maandishi, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi yanayodaiwa. Ni kifungu kifupi, nami nakiona kuwa mojawapo ya sentensi bora zilizowahi kuandikwa kuhusu kibarua katika eneo letu. Kinaigeuza kabisa habari ya kasha la bati shingoni: ukiificha karatasi, karatasi inakugeukia.

Kuna la kusema pia juu ya lugha ambayo mambo haya yanasomwa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Rwanda mwaka 2017. Sheria ya kazi ya mwaka uliofuata ilichapishwa katika Gazeti Rasmi kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Dada yangu wa uani hakuhitaji Kiswahili, Kinyarwanda kilimtosha. Lakini katika viwanda vya Masoro, na zamani vile vya Gikondo kabla havijahamishwa kutoka bondeni, hukosi mtu aliyetoka Goma, Bukavu au Bujumbura, ambaye lugha yake ya kazi ni Kiswahili. Kumtafsiria sheria hii ni kazi ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kingeweza kuianza bila kungoja mfadhili. Tungeanza na msamiati. Malipo ya kuagana na kazi kwa Kinyarwanda ni imperekeza, kitu cha kumsindikiza mtu. Kiswahili kina kiinua mgongo. Mmoja anakuona unaondoka, mwingine anakuona umeinama. Mtafsiri atalazimika kuchagua, na nadhani hapa ningechagua Kiswahili.

Neno la mwisho la kuangalia ni mdai. Katika hakiki zetu mfanyakazi ni mnyonywaji, mnyanyaswaji, mkandamizwaji. Majina haya yote yanamwonyesha akitendwa. Mahakamani anaitwa mdai, na katika Kiswahili cha kila siku mdai ni yule ambaye kuna mtu ana deni lake. Dada yule alipoiona barua imechapwa, aliyasoma majina mawili yaliyokuwa juu, lake na la kampuni, lake likiwa la kwanza. Akaniomba nimchapie nakala ya pili, akaiweka ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kitambulisho.