Mipaka Sita ya Nchi ya Angani: Ujenzi wa Ulimwengu wa Kubuni katika Kusadikika na Walenisi

Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imezoeleka kusomwa kama fumbo: nyuma ya nchi hiyo ya angani msomaji huiona Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, kisha nchi yenyewe husahauliwa. Usomaji huo una msingi, kwa kuwa ukosoaji wa wazi wa serikali ya kikoloni ulikuwa na hatari zake. Hata hivyo, unaufanya ulimwengu wa kubuni kuwa pazia ambalo likishafunuliwa halina kazi tena. Makala hii inadai kuwa kazi ingalipo, na kwamba mwandishi wa fantasia au wa bunilizi ya kisayansi anaweza kujifunza humo kanuni ya msingi ya ufundi wake.

Katika mhadhara wake wa mwaka 1939, J.R.R. Tolkien alieleza kuwa msimulizi huumba ulimwengu wa pili, na msomaji huuamini maadamu yanayotokea humo yanaafikiana na sheria za ulimwengu huo. Kwa mujibu wa hoja hiyo, swali la mhakiki si iwapo nchi inaweza kuelea hewani, bali ni jambo gani hufuata iwapo inaelea.

Katika Kusadikika, linalofuata ni muundo wa kazi nzima. Nchi ya ardhini hupakana na wengine katika pande nne. Inayoelea ina pande sita. Mipaka minne ya Kusadikika ni pepo, zikiwamo Kaskazi na Kusi, ambazo kila baharia wa pwani anazijua. Miwili iliyobaki ni mbingu na ardhi. Ndiyo maana wajumbe waliotumwa kutafuta mambo ya manufaa ni sita, na ndiyo maana utetezi wa Karama barazani unajengwa juu ya visa sita. Kila mjumbe alirudi na maarifa, na kila mmoja akaadhibiwa. Tukiiondoa hewa, tunapoteza safari mbili na uzito wa hoja: kwamba watawala hao walikataa mema kutoka kila upande, hata kutoka ardhini anakoishi msomaji mwenyewe.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inaonyesha ugumu wa kanuni hii. Chombo cha angani anachotiwa Dzombo ili afe kinatii sheria zake: anapojifunza kukiendesha, adhabu inageuka kuwa wokovu. Hapo ubunifu unazaa tukio. Lakini akishatua, utaratibu wa sayari hiyo unatufikia zaidi kwa maelezo ya wenyeji wake, na jina lake likishasomwa kuwa "wale ni sisi", sehemu kubwa ya fumbo imefumbuliwa. Inaweza kutetewa kuwa utanzu wa utopia hutegemea maelezo. Hata hivyo, ulimwengu unaoelezwa bila kumzuia mhusika wala kumlazimisha kutenda hubaki karibu na hotuba.

Kwa hiyo, mwandishi aulize kila ajabu aliyoibuni inamlazimisha nani kufanya nini. Mhakiki naye, kabla ya kutaja nchi halisi iliyofumbwa, aihesabu kwanza mipaka ya nchi iliyobuniwa.