Udongo wa Kalemela Mbele ya Mhariri: Tahakiki ya Mswada Mmoja wa Sayansi

Mswada ninaokusudia kuuhakiki katika makala haya haujachapishwa, na yamkini wasomaji wa jarida hili watashangaa kuona mwalimu wa isimu ameziacha tenzi na riwaya, akashika karatasi zenye majedwali, grafu na picha za hadubini. Mwandishi wake ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Kalemela, katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Aliniletea ikisiri ya Kiswahili ya maneno yasiyozidi 200 ili nimsahihishie upatanisho wa ngeli, kwa kuwa kanuni za chuo chake zataka ikisiri kwa lugha mbili. Nilipoisoma niliona kwamba ngeli zilikuwa salama, ila maana haikuwa salama. Nikamwomba mswada wote wa Kiingereza, pamoja na barua ya mhariri wa jarida la ng'ambo aliyekuwa ameurudisha. Tangu hapo tumekaa na karatasi hizo miezi mitatu.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Udongo mweusi wa mabondeni, ambao Wasukuma huuita mbuga, hunyonya maji wakati wa mvua ukafura, na kiangazi hunywea ukapasuka nyufa za kuingia mkono. Sababu yake inajulikana. Madini ya mfinyanzi yaliyomo ni ya jamii ya smektaiti, ambayo matabaka yake huyapokea maji katikati yakaachana. Kaolini, kama ile ya Pugu karibu na Dar es Salaam, haifuri kwa kiasi hicho. Tofali la mbuga tupu hunywea mno likianikwa, likapinda au kupasuka hata kabla halijauona moto. Mwandishi wetu aliuchanganya udongo huo na mchanga wa miinukoni, uitwao luseni, pamoja na vigae vya vyungu vilivyosagwa. Akafyatua matofali, akayaanika, akayachoma katika tanuru la maabara, kisha akayapima. Hiyo ndiyo kazi yote. Ni kazi ndogo, na ni nzuri.

Sasa tuutazame mswada uliotumwa. Neno mbuga halimo, wala luseni. Mahali pake pana "Udongo A" na "Mchanga B". Kalemela imegeuka kuwa "kaskazini ya Tanzania", maelezo yanayoweza kumpeleka msomaji popote kuanzia ufuko wa Ziwa Viktoria hadi mteremko wa Kilimanjaro. Na bibi yake mwandishi, mfinyanzi aliyemfundisha tangu utotoni kwamba vigae vilivyosagwa huuzuia udongo usipasuke, ametoweka kabisa. Wazo la vigae latokea katika aya ya tatu kana kwamba limedondoka kutoka mbinguni. Nilipomwuliza kwa nini amefanya hivyo, alinijibu, "Mwalimu, nilidhani majarida makubwa hayataki majina ya kijijini."

Lakini barua ya mhariri ilisemaje? Wahakiki wawili waliousoma mswada waliuliza maswali yale yale kwa maneno mbalimbali: udongo huu umechimbwa wapi, kwa kina gani, ni wa aina gani, na mtafiti mwingine akiutaka ataupataje? Na vigae, kwa nini vigae? Ndiyo kusema kwamba yale aliyoyafuta kwa adabu ndiyo aliyoulizwa. Alikuwa amejinyima ushahidi wake mwenyewe, akidhani anajivika heshima.

Sitaki kumlaumu peke yake. Nami nilipokuwa masomoni ughaibuni nikiandika tasnifu yangu nilifundishwa kufuta kila "mimi" na kila jina la mtu asiye na shahada, nikatii, na hata leo nikiisoma tasnifu hiyo siwezi kukumbuka ni nani aliyenipa nusu ya data zangu.

Majina ya udongo wa Usukuma si mapambo ya kienyeji. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alitoa mwaka 1935 dhana ya katena, yaani mnyororo: kwamba aina za udongo hufuatana kwa mpango kutoka kilele cha mlima hadi bondeni, na kwamba mpango huo hujirudia kilima hata kilima. Mkulima wa Kisukuma anayesema luseni akiwa juu, itogolo akiwa amekaribia chini, na mbuga akiwa bondeni, ataja mpango kama huo huo. Tena kila jina latoa habari ya rangi, ya chembechembe, ya maji na ya mahali katika mteremko kwa pamoja. Wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki walilitia neno mbuga katika maandishi yao ya Kiingereza kwa sababu hiyo. "Udongo A" hautoi habari hata moja kati ya hizo.

Hata hivyo pana mtego, na mtego huu ni wa Kiswahili, si wa Kiingereza. Katika Kiswahili sanifu mbuga ni uwanda wa nyasi, na masikioni mwa wengi siku hizi ni mahali pa kutazamia wanyama. Msomaji wa Tanga au Unguja akikuta maneno "udongo wa mbuga" atadhani umechimbwa Serengeti, na bahati mbaya Serengeti haiko mbali na Busega. Kwa hiyo nilimshauri mwandishi alirudishe neno, lakini alifafanue kwa mistari miwili: neno ni la Kisukuma, maana yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi ufurao, umechimbwa mahali fulani, kwa kina fulani. Na baada ya hapo matokeo ya mnururisho wa eksirei yaoneshe madini yaliyomo. Asije mtu akanielewa vibaya: jina la mahali halitoshi badala ya kipimo. Yote mawili yanatakiwa, na mswada ulikuwa na kimoja tu.

Wapo watakaosema kwamba sayansi haijali nani alisema nini wala kijijini kwa nani. Hao nawakumbusha makala ya mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza, "Cool?", yaliyoandikwa na Erasto Mpemba na Denis Osborne. Mpemba alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Magamba mwaka 1963 aliona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyatia jokofuni yakiwa bado moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa baridi. Alichekwa, tena na walimu. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Naye Osborne akaenda kulijaribu. Ninalotaka kulionesha hapa ni umbo la makala yenyewe. Sehemu ya kwanza Mpemba anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, akitaja maziwa, sukari, jokofu na kicheko. Sehemu ya pili Osborne anaeleza majaribio yake. Hakuna aliyemmeza mwenzake. Na kwa kuwa mazingira ya jambo yaliandikwa waziwazi, watu wameweza kuyarudia na hata kuyapinga: mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika katika Scientific Reports kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, na kwamba kukisogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini ndani ya chombo kwatosha kumdanganya mpimaji. Ubishi huo haujaisha. Lakini hata wa kupinga alihitaji kwanza kujua kilichofanywa.

Nirudi kwenye ikisiri ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyonileta. Hapa lawama zangu ni nzito zaidi, maana zaihusu lugha yetu.

Jina la taaluma lenyewe latatiza. Vifaa ni zana zilizokwisha kutengenezwa. Malighafi ni kitu ambacho hakijafanyiwa kazi. Maada ni chochote chenye uzito kinachojaza nafasi, hata hewa. Taaluma hii hushughulika na maada iliyochaguliwa ili itumike kutengenezea kitu, na sioni neno moja letu linaloshika maana hiyo yote. Natumia "sayansi ya maada" kwa kukosa bora, na atakayeleta bora nitamshukuru.

Ama neno lililoiharibu ikisiri ni "ugumu". Mwandishi amelitumia mara sita, na katika mswada wa Kiingereza mara hizo sita ni sifa tatu mbalimbali. Ya kwanza ni kustahimili kukwaruzwa au kubonyezwa. Ya pili ni kustahimili mzigo kabla ya kuvunjika. Ya tatu ni kustahimili ufa usienee ukishaanza. Mtu asiyejua fizikia azijua tofauti hizi kwa mikono yake. Kioo ni kigumu kukwaruza, lakini kikianguka kimekwisha. Kamba ya katani huikwaruza kwa ukucha, lakini huikati kwa kuivuta. Kiswahili kina -gumu, kina imara, kina -kakamavu, na ni wajibu wa mwandishi kuyagawia maneno hayo kazi na kushikilia mgawo huo hadi mwisho. Nilipendekeza ugumu kwa sifa ya kwanza, uimara kwa ya pili, ukakamavu kwa ya tatu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilianza kazi ya kupanga istilahi za namna hii kwa ajili ya shule. Lakini kamusi haimwokoi mwandishi ambaye hakujiuliza anapima nini. Hapa ndipo lilipofunuka jambo ambalo mimi sikulitarajia. Tulipokuwa tukitafuta neno la Kiswahili kwa sifa ya tatu, mwandishi alikiri kwamba hakuipima. Alikuwa ameitaja tu katika mjadala, kwa kuwa makala mengine huitaja. Sentensi hiyo imefutwa katika lugha zote mbili.

Jambo la pili ni nyakati za vitenzi. Sehemu ya mbinu katika ikisiri iliandikwa hivi: "Uchanganyaji wa udongo ulifanyika, ukaushaji ulifanyika, uchomaji ulifanyika." Si Kiswahili, ni nomino zilizopangwa foleni. Msomaji hajui kipi kilitangulia kipi. Lugha yetu ina kiambishi -ka- ambacho kazi yake hasa ni hiyo: tuliuchanganya, tukaufyatua, tukauanika, tukauchoma, tukauacha upoe tanurini. Mfuatano umo ndani ya kitenzi chenyewe. Na anayeogopa "tu-" aseme "ulichanganywa, ukafyatuliwa, ukaanikwa", nami sitamgombeza, maadamu mpangilio haupotei.

Jambo la tatu ni dogo kwa umbo, na ndilo lililonikosesha usingizi. Mswada wa Kiingereza wasema kwamba matofali matano yalipata nyufa. Kitenzi alichokitumia mwandishi huko chafaa kwa lililopasuka lenyewe na kwa lililopasuliwa na kitu kingine. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Ukisema lilipasuka, hukumtaja mtendaji. Ukisema lilipasuliwa, msomaji ana haki ya kuuliza, na nini? Nikamwuliza: matofali yako yalipasuka au yalipasuliwa? Akanyamaza. Akaenda kulitazama daftari lake la maabara. Ilidhihirika kwamba mawili yalipasuliwa na mashine ya kukandamiza, kama ilivyokusudiwa, na mawili yalipasuka tanurini wakati wa kupoa. Tofauti hiyo ni ya kisayansi kabisa. Chembe za kwatzi zilizomo katika mchanga hubadili umbo kwenye nyuzi 573 za Selsiasi. Moto ukipanda hutanuka ghafla, ukishuka hunywea ghafla, na tofali likipozwa haraka kupita kiwango hicho hupata nyufa. Matofali mawili yale yalikuwa na luseni nyingi kuliko mengine. Kwa maneno mengine, mchanga uliowekwa ili kuzuia nyufa za kuanika huenda ndio ulioleta nyufa za kupoza, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo tokeo bora kuliko yote katika mswada, nalo lilikuwa limezikwa ndani ya kitenzi kimoja.

Juu ya mengine nitapita haraka. Picha za hadubini ziwe na mstari wa kipimo, maana bila huo msomaji hajui kama aona chembe au jabali. Barua ya kuwasilisha mswada isiwe wasifu wa mwandishi wala sala kwa mhariri. Iseme katika aya mbili swali lilikuwa nini na limejibiwaje. Jarida lichaguliwe kwa kusoma makala yake ya karibuni, si kwa kuangalia ukubwa wa jina, na ada ya kuchapisha iulizwe kabla ya kutuma, kwa kuwa wapo wachapishaji wanaowapunguzia au kuwasamehe waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, na wapo matapeli wanaochukua fedha bila kuhakiki chochote. Mwanafunzi wetu alikwisha kupokea barua tatu za aina hii ya mwisho, zote zikimwita "Profesa mashuhuri".

Mswada umetumwa tena, kwa jarida jingine. Kalemela imo katika mstari wa kwanza wa mbinu, mbuga na luseni zimerudi pamoja na ufafanuzi wake, na bibi ameshukuriwa kwa jina mwishoni, kwa ridhaa yake. Ikisiri ya Kiswahili imeandikwa upya, na safari hii iliandikwa kwanza, ile ya Kiingereza ikaifuata. Limebaki tofali la tano. Daftari halisemi lilipata ufa lini. Mwandishi ameandika "lilipasuka". Mimi nilitaka aandike kwamba hajui, naye asema mhariri atamrudishia. Mpaka naandika haya hatujakubaliana.